Ratiba ya mradi wa kituo cha afya: vyama vya wafanyakazi vishirikishwe lini?

Afisa mipango, halmashauri ya wilaya:
Ndugu zangu, ninaandaa ratiba ya kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa wa kituo chetu cha afya kutoka kwenye mafaili ya karatasi kwenda GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa Serikali ya Tanzania wa kusimamia taarifa za hospitali. Jaribio la kwanza lilituumiza, kwa sababu tulipanga mafunzo ya siku tano mfululizo bila kuwauliza wauguzi, na asubuhi ya kwanza wodi ya wazazi ikabaki na muuguzi mmoja. Watumishi wetu wamegawanyika kati ya vyama viwili: TUGHE, cha wafanyakazi wa serikali na afya, na TALGWU, cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Je, niyashirikishe matawi yao kabla ya bajeti, au nisubiri kikao cha Baraza la Wafanyakazi, ambako uongozi na wawakilishi wa wafanyakazi hukutana?

Mjumbe wa tawi:
Usisubiri Baraza. Chombo hicho tunacho tangu Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970, na ni haki yetu, lakini mara nyingi bajeti hufika pale ikiwa imekwisha kupangwa, nasi hubaki kuuliza maswali ambayo hayawezi tena kubadili tarehe wala fungu. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, yaite matawi yote mawili, kwa pamoja, wakati idara zinapokusanya mahitaji yao.

Muuguzi mfawidhi:
Ninakubaliana na mjumbe, ila ninaomba jambo moja lisisahaulike: kiongozi wa tawi anazijua haki zetu, lakini si lazima ajue zamu za kila wodi. Njoo na rasimu yako tuiweke kando ya daftari la zamu na orodha ya likizo. Aliyekesha na wajawazito hawezi kutoka kazini saa moja na nusu asubuhi, akaketi darasani saa tatu, akaelewa anachofundishwa. Sisi tungegawa watumishi makundi matatu, na siku za kliniki ya watoto zisiguswe kabisa, kwani kina mama wengine hutembea mwendo mrefu kuja.

Afisa utumishi:
Kuingiza mafaili ya zamani kutahitaji saa za ziada, na hapo ndipo ratiba nyingi huvunjika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Zihesabu sasa, uziombee fedha, kisha makubaliano yaandikwe na kusainiwa na pande zote.

Afisa mipango:
Ninawashukuru sana. Rasimu itaanzia kwa wauguzi wafawidhi wiki ijayo, kisha iende kwenye matawi yote mawili. Safu ya tarehe nitaiacha wazi, ijazwe nao.