Skrini ya pembeni haionekani baada ya apdeti: ninunue doki, nibadili skrini, au nipige Windows upya?

Kalamu_Nyeusi (mwanzisha mada)
Habari za muda huu wakuu. Juzi usiku laptopu yangu iliomba apdeti, nikaikubalia nikaenda kulala. Asubuhi nawasha, ile skrini kubwa ya pembeni imegoma kabisa. Inaandika kwamba hakuna mawimbi, halafu inazima yenyewe. Laptopu iko sawa. Waya nimechomoa na kuchomeka mpaka vidole vinauma.

Kazi yangu ni tafsiri: maandishi ya asili kushoto, yangu kulia. Bila skrini mbili naenda kama kobe, na kuna mzigo natakiwa kuukabidhi wiki ijayo. Nimewaza kununua doki ya USB-C (kile kiboksi chenye matundu mengi) nichomeke kila kitu hapo, au kununua skrini mpya kwa sababu hii ni ya zamani kidogo, au kupiga Windows upya. Kwa wenye uzoefu, nianze na lipi? Naomba kuwasilisha.

Bandari_C
Doki, mkuu. Usijiulize mara mbili. Waya mmoja unaleta picha, chaji, kibodi, intaneti, kila kitu. Mimi tangu nihamie huko sijui hata HDMI inakaa upande gani wa laptopu.

MzeeWaWaya
Bandari_C, umeshamuuzia mwenzio doki hata hujajua anatumia nini. Kalamu_Nyeusi, hujasema laptopu ni ya aina gani, Windows ipi, waya ni HDMI au DisplayPort au kuna adapta katikati, kadi ya picha ni moja au mbili. Hujasema pia kama umejaribu kuichomeka hiyo skrini kwenye kompyuta nyingine. Hapa tunapiga ramli tu.

Sijui_Sana
Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua kupanua skrini. Apdeti nyingine zinarudisha picha kwenye skrini ya laptopu peke yake. Kwangu iliisha hapo hapo, nikajiona mjinga siku nzima.

MzeeWaWaya
Hilo la Sijui_Sana lijaribu kwanza, halina gharama. La pili halina gharama pia: shikilia Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itapepesa mara moja, hapo draiva ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, imewashwa upya bila kuzima kompyuta.

La tatu watu hulidharau. Zima skrini, chomoa waya wake wa umeme ukutani (siyo kitufe tu), chomoa na HDMI, acha dakika 10. Skrini ina kumbukumbu ndogo inayojitambulisha kwa kompyuta: mimi ni fulani, naweza ukubwa huu, kasi hii. Inaitwa EDID. Mazungumzo hayo yakikwama, kompyuta haioni kitu hata kama waya ni mzima. Nimeona skrini zinapelekwa kwa fundi kumbe zilihitaji kupumzika tu.

Na ukizima kompyuta, tumia kuwasha upya, yaani Restart. Kuzima kwa kawaida kwenye Windows za siku hizi hakuzimi kila kitu, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Unaamka na tatizo lile lile la jana.

penguini77
Hama Windows. Tatizo limeisha. Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, haiamki usiku ikakubadilishia nyumba.

Bandari_C
Tulikuwa tunakungoja.

MamaMchoro
Kalamu_Nyeusi, kabla hujapiga chochote upya, nisikilize dada yako.

Mimi nachora mabango na majalada. Ilinitokea kama wewe, apdeti halafu skrini kimya. Nikasoma mahali kwamba dawa ni kuingia Safe Mode (Windows inawaka na vitu vya lazima tu) na kufuta draiva ya picha yote kwa DDU, programu ya kufutia draiva, kisha kuweka mpya. Ushauri wenyewe si mbaya. Nikafuata. Kompyuta ikajizima, ikawaka na ukurasa wa buluu unaniambia niingize ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows. Tarakimu 48. Mimi sijawahi kuweka BitLocker maishani mwangu! Kumbe laptopu nyingi hufunga diski zenyewe siku ile ya kwanza unapoingia na akaunti ya Microsoft, na hakuna anayekukalisha chini kukueleza.

Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti, sawa. Lakini akaunti niliifungua kwa barua pepe ya zamani, na barua pepe hiyo inataka namba ya simu ambayo sina tena. Siku nne. Siku nne naangalia ukurasa wa buluu huku mteja ananiuliza jalada liko wapi, na mimi nasema "namalizia rangi". Rangi gani? Nilikuwa sina hata kompyuta.

Siku ya tano nikapata ufunguo kwenye karatasi aliyonichapishia mdogo wangu siku tuliyonunua mashine, imekunjwa ndani ya boksi la chaja. Nikaingia, nikafuta draiva, nikaweka mpya. Skrini bado kimya. Unajua ilikuwa nini? Adapta. Ilikuwa imekufa wiki ile ile, apdeti ikasingiziwa.

Kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako sasa hivi, andika tarakimu hizo 48 kwenye karatasi, ndipo uendelee na mengine.

Sijui_Sana
"Namalizia rangi" imenimaliza mimi.

penguini77
Pole dada. Ila ona, hata hilo ni Windows.

MamaMchoro
Adapta ilikuwa ya Windows?

Kalamu_Nyeusi
Wakuu samahani kwa kuchelewa. Ni Windows 11. HDMI moja kwa moja, hakuna adapta. Skrini ni ya 4K. Laptopu ina kadi mbili, ya Intel na ya Nvidia. Nimejaribu Windows na P, hakuna kitu. Zile funguo nne, ilipepesa tu. Nimechomoa skrini umeme nusu saa, hakuna kitu. Nimeichomeka kwenye laptopu ya jirani kwa waya ule ule, IKAWAKA.

Ufunguo wa 48 nimeuandika. Asante dada, nilikuwa sijui kama ninao.

MzeeWaWaya
Sasa tunaongea. Skrini nzima, waya mzima. Futa wazo la kununua skrini mpya.

Bofya kulia kitufe cha Start, ingia Device Manager, fungua sehemu ya kadi za picha. Unaona nini?

Kalamu_Nyeusi
Intel iko sawa. Nvidia ina pembetatu ya njano. Nikiifungua inasema kifaa kimesimamishwa kwa sababu kimeripoti matatizo, na kuna Code 43.

MzeeWaWaya
Ndiyo hiyo. Kwenye laptopu nyingi zenye kadi mbili, tundu la HDMI limeunganishwa na Nvidia, na skrini ya laptopu yenyewe imeunganishwa na Intel. Ndiyo maana laptopu inawaka vizuri huku HDMI imekufa. Apdeti imeleta draiva ya Nvidia isiyopatana na mashine yako, au imeikatiza katikati.

Kwenye dirisha hilo hilo nenda sehemu ya draiva, kuna kitufe cha kurudisha ile ya zamani. Kama kimefifia hakibonyezeki, maana yake ya zamani haikuhifadhiwa. Basi pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu yako, siyo tu ile mpya kabisa ya Nvidia. Watengenezaji wengine huzirekebisha kidogo kwa mashine zao.

Kalamu_Nyeusi
Kimefifia. Halafu nina swali nje ya mada, ni ugonjwa wa kazi. Mnasema "draiva" hapa, lakini kwenye maandishi rasmi nakutana na "kiendeshi" na "kiendeshaji". Nyie mnaonaje?

Sijui_Sana
Kiendeshi ni diski, si ndiyo? "Kiendeshi cha C".

MamaMchoro
Mimi nilidhani kiendeshi ni flashi.

MzeeWaWaya
Ndiyo sababu nasema draiva. Ukimwambia mtu "futa kiendeshi" akafuta diski nzima, utamjibu nini?

penguini77
Napinga. Kiendeshaji kinaeleweka kabisa: kinachoendesha kifaa. Lugha haikui kama kila neno tunaliongezea irabu mwishoni. Hivi "apdeti" na "sasisho" lipi lina ladha?

Bandari_C
Mtu ana kazi ya kukabidhi wiki ijayo, nyie mmefungua baraza la lugha.

Kalamu_Nyeusi
Nimelifungua mimi, nisameheni. Ila penguini77 ana hoja.

penguini77
Asante. Na Linux imetafsiriwa na watu wa kujitolea, kwa taarifa yako.

Tandu_Mia
penguini77 usimdanganye mtu. Mimi natumia Linux mwaka wa sita. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikipanda toleo, moduli ya Nvidia (draiva yake) isipojengwa upya, au Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, ikiikataa kwa kukosa saini, unabaki na skrini moja kama Kalamu_Nyeusi. Tofauti ni kwamba kwangu naweza kuchagua kerneli ya zamani wakati wa kuwasha, naendelea na kazi. Hiyo nakubali ni raha. Lakini kusema haitokei ni uongo mweupe.

penguini77
Nilisema haiamki usiku. Sikusema haiharibiki.

Bandari_C
Turudi kwenye doki. Kama HDMI yake imekufa kwa sababu ya Nvidia, doki inampitisha pembeni. Nilikuwa sahihi tangu jibu la kwanza.

Tandu_Mia
Doki ipi? Ziko za namna mbili na watu wananunua bila kujua. Moja inapitisha picha ya kadi yako kama ilivyo ndani ya USB-C. Hiyo inataka tundu lenye uwezo wa DisplayPort, na si kila tundu la USB-C linao. Mengine ni ya data na chaji tu, ingawa umbo ni lile lile. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt pembeni ya tundu, au soma karatasi ya mashine.

Nyingine ni ya DisplayLink. Hiyo inabana picha kwa programu na kuituma kama data ya kawaida ya USB, kwa hiyo inakubali hata kwenye USB ya kawaida. Kwa maandishi inatosha, kwa video na michezo utaona inasuasua. Lakini nayo inategemea draiva yake. Yaani mtu ameumizwa na draiva moja, unamuongezea ya pili ya kuharibika apdeti ijayo.

Bandari_C
Yangu haijawahi kuharibika.

MzeeWaWaya
Bado.

Kalamu_Nyeusi
Mrejesho. Draiva ya mtengenezaji imegoma kuingia, inafika katikati inasema imeshindwa. Lakini laptopu ina tundu la USB-C lenye alama ya DisplayPort, nikaazima adapta ndogo ya USB-C kwenda HDMI. SKRINI IMEWAKA! Nimekaribia kulia.

Ila kipanya kinavuta. Nikikisogeza kinakuja nyuma ya mkono wangu.

MzeeWaWaya
Adapta ni ya HDMI 1.4. Kwa 4K haivuki 30 Hz, yaani picha 30 kwa sekunde. Tafuta inayofika 4K kwa 60 Hz, au shusha ukubwa wa picha mpaka 1080p utapata 60 hata kwa hiyo hiyo.

MamaMchoro
Kwa tafsiri 30 inatosha, mbona. Herufi hazikimbii.

Sijui_Sana
Mimi siwezi 30. Kichwa kinauma.

Tandu_Mia
Kalamu_Nyeusi, apdeti ilikuwa kubwa, ya toleo zima, au ndogo ya kila mwezi? Kama ni ya toleo zima una siku 10 za kurudi toleo la nyuma kwenye mipangilio, sehemu ya kurejesha mfumo. Zikipita, Windows inafuta mafaili ya zamani na mlango unafungwa. Leo ni siku ya ngapi?

Kalamu_Nyeusi
Ya toleo zima. Leo ya nne. Naogopa kurudi katikati ya kazi. Hata DDU naiogopa baada ya habari ya dada.

MamaMchoro
Ufunguo si unao? Karatasi iko wapi?

Kalamu_Nyeusi
Ndani ya boksi la chaja 😂

MzeeWaWaya
Ushauri wangu: maliza kazi kwa adapta, kabidhi, siku ya saba au ya nane ndipo urudi nyuma au ufute draiva kwa utulivu. Usivuke ya kumi.

Tandu_Mia
Mimi ningerudi leo. Akijisahau siku mbili tu imekula kwake.

Bandari_C
Au doki.

Kalamu_Nyeusi
Nimeshusha hadi 1080p, kipanya kimetulia lakini maandishi yana ukungu. Nimerudisha 4K. Ngoja nimalize sura mbili leo, nitaamua usiku.

Nyuki_wa_Jioni
Samahani kudandia uzi wa watu. Mimi natumia MacBook Air, nilikuwa na skrini mbili za nje, baada ya apdeti zote hazionekani. Ninunue waya mpya au skrini?

Tandu_Mia
Air ya chipu gani? Kama ni M1 au M2, yenyewe inabeba skrini moja tu ya nje. Hizo mbili ulikuwa umezichomeka wapi, kuna doki katikati?

Nyuki_wa_Jioni
M1. Kuna kiboksi cheusi nilipewa kazini, sijui kinaitwaje.

MzeeWaWaya
Bandari_C, mtu wako huyu.

Bandari_C
Nyuki_wa_Jioni, hicho kitakuwa ni doki ya DisplayLink. Fungua mipangilio ya faragha, angalia kama programu yake bado ina ruhusa ya kurekodi skrini. Bila ruhusa hiyo haitoi picha.

Tandu_Mia
Tulisema "apdeti ijayo", ikaja na mtu wake.

Nyuki_wa_Jioni
Ruhusa ipo. Imewashwa. Sasa?