Re: Hina ya nywele: ninunue ipi huku, na mvi za mbele zinashika?

Kutoka: Mama Pacha, London Mashariki

Jamani habari zenu.

Nina mvi. Zimejipanga mbele kwenye paji na kando ya masikio, huko nyuma nywele bado nyeusi tii. Nilipokuwa Tanga kulikuwa na bibi mtaani kwetu anakanda hina mwenyewe, anakupaka, unajifunga kanga kichwani mpaka alasiri, basi, umemaliza. Huku saluni wananipa rangi ya kemikali tu, na bei yake nikiipigia hesabu kwa shilingi moyo unakataa.

Sasa duka la Wahindi karibu na stesheni lina maboksi ya hina ya kila rangi: nyeusi, kahawia, zambarau, hata ya dhahabu. Ile nyeusi wameandika inashika kwa nusu saa. Ninunue ipi? Nywele zangu ni za asili, dawa ya kunyoosha niliacha zamani. Wifi yangu anadai hina inakausha nywele mpaka zinakatika, ni kweli? Halafu nyumba ni ya kupanga na bafu lenyewe jeupe pe.

Kutoka: Binti Kisiwani, Toronto

Mama Pacha, salaam. Hiyo ya nusu saa iache hukohuko dukani.

Jani la mhina lina rangi moja tu, nyekundu inayoelekea machungwa. Weusi haina, na dhahabu ndiyo kabisa. Rangi hiyo hujishika kwenye protini ya unywele na kukaa juu ya rangi iliyopo, haina uwezo wa kufuta weusi. Kwa hiyo huko nyuma utabaki mweusi vilevile, ila ukisimama juani utaona wekundu unang'aa kwa ndani. Mvi ndizo zitakazogeuka, na siku ya kwanza zitakuwa za machungwa kweli kweli. Usipanike. Ukizipa siku mbili tatu zinakolea zenyewe, zinatulia kwenye shaba.

Boksi ligeuze nyuma. Huko kwenu sheria inawalazimisha waandike viungo vyote. Unatafuta Lawsonia inermis na hakuna kingine. Ukikuta Indigofera tinctoria, hiyo ni nili, nayo ni majani, haina neno. Cassia obovata ni jamaa yake sanamaki: haitii wekundu, watu huipaka kunenepesha nywele tu, ingawa kwenye mvi huacha umanjano kidogo. Lakini ukikuta p-phenylenediamine au sodium picramate, hiyo ni rangi ya kemikali iliyovalishwa jina la hina. Na boksi lisilotaja viungo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu nyingine hutiwa chumvi za madini. Siku ukipakwa blichi au rangi ya saluni juu yake, nywele zinaweza kupata moto, zikatoa moshi, zikakatika mkononi mwa msusi. Ukitaka kuwa na hakika, chukua nywele zilizobaki kwenye chanuo, zipake hiyo hina, zioshe, kisha zitumbukize kwenye dawa ya kuchanganyia rangi ya saluni. Zikichemka au kubadilika ovyo, paketi nzima itupe.

Haya, kukanda. Nywele fupi gramu 100 zinatosha. Za kufika mabegani tafuta 200 mpaka 300, na za kwetu zilizojisokota zinakula zaidi, usibanie. Tumia bakuli la kioo au plastiki. Maji yawe ya uvuguvugu, si ya kuchemka. London maji yana chokaa, ushahidi uko ndani ya birika lako, na chokaa hiyo inafubaza rangi. Supamaketi wanauza maji ya pasi yaliyotolewa madini: chukua yasiyotiwa manukato, ukandie hayo.

Ndimu? Bibi wa Tanga hakukosea, uchachu unasaidia rangi itoke polepole na ikae. Ila ndimu tupu kwenye ngozi ya kichwa iliyokaushwa na hita za huku utajikuna wiki nzima. Mimi natia kidogo, kinachobaki nakandia chai ya rangi iliyopoa. Kahawa, karafuu na mayai sitii. Karafuu inachoma ngozi, yai linanuka, na kahawa haiongezi rangi ya maana, inakupa kichwa kuuma tu. Mafuta usitie kabla ya kupaka, yanazuia rangi kushika.

Kanda mpaka iwe nzito kama mtindi, funika, iache mezani usiku kucha. Asubuhi uso wa bakuli utakuwa umegeuka kahawia na ukichota ndani bado kijani. Dondoshea tone kiganjani, lifute baada ya dakika chache: likiacha machungwa, iko tayari.

Osha nywele kwa shampuu pekee, bila kondishona, ziache zikauke kiasi. Zigawe mafungu madogo, anza na mvi wakati hina bado mbichi na nyingi, na uijaze mpaka kwenye mashina. Usipake kama unavyopaka mafuta, ipachike. Zungusha plastiki ya kufunikia chakula, kofia ya sufu juu, ukae saa tatu au nne. Hina inataka joto na huko kwenu joto halipo, kwa hiyo kofia usiiache.

Kuosha ndiko kwenye kazi. Ingiza kichwa kwenye beseni la maji kwanza uitikise itoke, ndipo uende bombani. Kisha mimina kondishona ya bei rahisi kwa wingi, punje zitateleza zenyewe. Shampuu isubiri siku mbili.

Wifi yako ana nusu ya haki. Hina inaupa unywele uzito na nguvu, lakini siku hiyo utauona mkavu, mgumu kama wa mtu mwingine. Jioni hiyohiyo weka kondishona nzito, funika, ukae nayo, umalizie kwa mafuta ya nazi. Wanaoona zinakatika mara nyingi wameruka hatua hii, au wamerudia kichwa kizima kila mwezi. Baada ya mara ya kwanza paka mashina tu. Na ujue mikunjo inaweza kulegea kidogo kadiri unavyorudia. Wengine hupenda, mimi sipendi.

Bafu: paka mafuta ya mgando kwenye paji, masikio, na ile mipira ya kando ya bafu. Tone likidondoka lifute palepale. Kwenye enameli litatoka, kwenye saruji ya katikati ya vigae halitoki, na mwenye nyumba ataliona.

Kutoka: Muuguzi, Minneapolis

Niongezee la kiafya, maana hili naliona kazini.

Hiyo p-phenylenediamine ndiyo inayotiwa kwenye piko nyingi, ile rangi nyeusi ya kuchora mikononi tunayopakwa arusini. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Sasa binti anapakwa piko ya mkono utotoni Mombasa au Unguja, inamwasha, malengelenge kidogo, yanapona, anasahau. Mwili wake hausahau. Miaka inapita, yuko Ulaya, anapaka rangi nyeusi ya boksi na uso unavimba mpaka macho yanafumba. Kwa hiyo Mama Pacha, kama piko iliwahi kukudhuru, rangi nyeusi za boksi na "hina nyeusi" ni marufuku kwako, na daktari umwambie. Na hata hina safi, jaribu kwanza nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 48.

La pili ni watoto. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na kwenye jamii za Pwani na Oman wapo wengi kwa sababu ya historia ya malaria. Kwa watu hao hina, hata iliyo safi, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu: macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi, mtoto analegea. Pacha wako kama bado wadogo, usiwapake ati kwa kuwa imebaki kwenye bakuli. Na kope na nyusi usiguse. Hapa Marekani hina imeruhusiwa kwa nywele za kichwani tu, si karibu na macho.

Kutoka: Babu Ndevu, Muscat

Wanangu, mbona wanaume hamtusemi? Sisi huku ndevu tunapaka, na hatukai saa nne. Ndevu ni ngumu lakini fupi, saa moja na nusu inatosha, na mafuta ya mgando mashavuni ama sivyo utakwenda Ijumaa na taya za machungwa. Kinamama wa hapa wanachemsha ndimu kavu, maji yake yakipoa ndiyo wanakandia. Harufu yake nzuri kuliko ya majani matupu, ambayo nathubutu kusema ni ya zizi.

Kutoka: Mama wa Bukavu, Lyon

Bamama, jambo. Mimi sikubaliani na usiku kucha. Ukiweka bakuli juu ya hita, masaa mawili matatu rangi imetoka. Ukiisahau hapo juu mpaka kesho, imekwisha nguvu.

Na asiyetaka wekundu mwingi, yaani anataka nywele zing'ae tu, achanganye hina kidogo na kondishona nyingi au mtindi, akae saa moja. Haikaushi. Kwenye mvi nyingi haishiki vizuri, hilo nakubali. Wenye nywele za dawa, wasipake hina na dawa wiki moja. Pisha wiki kadhaa katikati, kwani unywele uliojaa hina dawa inaupata kwa shida na matokeo yanatoka madoadoa.

Kutoka: Mama Pacha, London Mashariki

Nimesoma yote, asanteni sana. Boksi nililigeuza: nyeusi ina hiyo kemikali, tena imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Pembeni kulikuwa na paketi ya Lawsonia pekee, imetoka Rajasthan, nikachukua. Piko iliniwasha kweli nilipokuwa bibi arusi, kwa hiyo Muuguzi umenisaidia.

Swali: nikitaka nyeusi, si shaba, ile nili inatumikaje? Na shangazi yupo Unguja anakuja Desemba, anaweza kunibebea hina ya soko la Darajani?

Kutoka: Binti Kisiwani, Toronto

Nili inafuata baada ya hina, siku hiyohiyo au kesho yake, nywele zikiwa zimeoshwa hina yote. Ukiipaka peke yake juu ya mvi utapata ubuluu, na hutapenda. Yenyewe haitaki ndimu wala usiku kucha: unga, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, usubiri kama robo saa, upake upesi kwa sababu nguvu yake inaisha haraka. Kaa nayo saa moja au mbili. Itatoka na kijani kidogo, kesho yake inakuwa nyeusi. Ukitaka kahawia, kila kimoja kande kwenye bakuli lake kisha uchanganye nusu kwa nusu mwishoni kabisa. Hina iliyobaki igandishe kwenye friza, inakaa miezi. Nili haigandishwi, mwaga.

Ya Darajani ni nzuri ikiwa mpya, unga wa kijani wenye harufu. Uliogeuka kahawia ni wa zamani. Mwambie shangazi achekeche kwa soksi ya nailoni, vijiti vya humo vinachosha kuosha. Aiweke kwenye begi kubwa, paketi imefungwa na ina maandishi. Na anayekuja Marekani akumbuke: unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unasimamishwa ukaguzi, na kitu cha majani unakitaja forodhani.

Kutoka: Mama Pacha, London Mashariki

Nimepaka hina peke yake, nili nimeiacha kwanza. Paji limeshika, shaba nzuri, bafu salama. Ila kando ya masikio mvi zimebaki nusu nyeupe. Kwa nini pale tu?

Kutoka: Binti Kisiwani, Toronto

Nywele za pale ni fupi na mvi zake ngumu, na plastiki hujikunja hapo, hewa inaingia, hina inakauka kabla haijafanya kazi. Toa ile ya kwenye friza. Osha pale tu kwa shampuu, ipachike nene, ufunike kwa pamba iliyoloa maji ya uvuguvugu kabla ya plastiki.