Model S ya 2015: chipu ya kumbukumbu tu, au kompyuta nzima?

Swali
Habari zenu, wakuu. Ninakusudia kununua Tesla Model S ya mwaka 2015 ambayo bado ina kompyuta yake ya awali ya skrini ya katikati, yenye prosesa ya Nvidia Tegra 3. Muuzaji anadai kwamba kumbukumbu yake imekwisha kubadilishwa, na kwamba kwa sababu hiyo mfumo wake ni sawa na wa gari jipya. Je, dai hilo lina ukweli kiasi gani?

Jibu la kwanza
Ndugu, muuzaji amekupa nusu ya habari. Kompyuta ile ilitoka kiwandani na chipu ya kumbukumbu ya GB 8, na mfumo ulikuwa ukiandika humo rekodi za shughuli zake mfululizo. Chipu za aina hiyo huvumilia kufutwa na kuandikwa upya kwa idadi maalumu tu, takriban mara 3,000 kwa kila seli, na kadiri seli zinavyochakaa ndivyo skrini inavyozidi kuzubaa, hadi siku inapokataa kuwaka kabisa. Gari huweza kuendelea kutembea, lakini dereva hukosa picha ya kamera ya nyuma, hushindwa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, na hata mlio wa indiketa hupotea. Ndiyo maana mnamo Februari 2021 Tesla ililazimika kuyaita magari yapatayo 135,000 nchini Marekani, yaani Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018, ili chipu hiyo iondolewe na kuwekwa ya GB 64.

Mwombe muuzaji hati ya kazi hiyo; neno lake halitoshi. Ikiwa haikufanyika, usingoje chipu ife, kwa kuwa ndani yake mna vyeti vya kidijitali vinavyolitambulisha gari hilo peke yake, na kuvinakili kutoka kwenye chipu inayosuasua ni rahisi mno kuliko kuvitafuta kwenye iliyokwisha kufa.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila chipu mpya haigeuzi prosesa. Ramani itafunguka polepole vilevile, na kivinjari, kusema kweli, kitakuchosha. Anayetaka wepesi hana budi kuweka kompyuta yenye prosesa ya Intel Atom, iliyoanza kufungwa kwenye magari mapya mwaka 2018. Hapo skrini ya mbele ya dereva nayo hubadilishwa, maana kompyuta hiyo moja ndiyo inayoendesha skrini zote mbili. Uliza mapema kuhusu redio: kifurushi cha awali cha kuboresha kilikuwa kikiiondoa redio ya FM, jambo lililowaudhi wengi.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Je, kompyuta hiyo italiwezesha gari kujiendesha kama yale mapya?

Jibu la pili
La, hizo ni kompyuta mbili tofauti. Usaidizi wa dereva katika gari la 2015 hutegemea chipu ya Mobileye, rada na kamera moja inayotazama mbele, ilhali kompyuta ya kujiendesha iliyotolewa mwaka 2019 iliundwa kwa ajili ya magari yenye kamera nane, ambayo yalianza kutengenezwa Oktoba 2016. Ikiwa hilo ndilo unalolitafuta, liache gari hilo na utafute la baada ya tarehe hiyo.