Naombeni ushauri: wanafunzi wangu wanadai uhuru wa Msumbiji ulitoka Lisbon

Mwl_Mbagala: Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha historia Kidato cha Nne hapa Mbagala. Wiki ijayo tuna mdahalo kuhusu vita vya ukombozi wa Msumbiji. Karibu darasa zima linashikilia kwamba wanajeshi walipindua serikali ya Ureno kule Lisbon tarehe 25 Aprili 1974, basi Mreno akafungasha. Inaniuma, maana FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, kilizaliwa humu humu Dar, Juni 1962. Nianzie wapi?

Mjukuu_wa_Ruvuma: Mwalimu, anzia kwenye pamba. Wakulima wa kaskazini mwa Msumbiji walilazimishwa na Mreno kuilima na kuiuza kwa bei waliyopangiwa, hata kama shamba la chakula linamezwa na magugu. Wengi walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge huku kwetu, babu mzaa mama akiwemo. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda, huko huko kaskazini, mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno, wakamiminiwa risasi. Babu alikuwa akisema baada ya pale hakuna aliyetaka tena kusikia habari za kuandika barua ya maombi. Risasi za FRELIMO zilianza mahali paitwapo Chai, jimbo la Cabo Delgado, Septemba 1964.

Bi_Kurasini: Msimsahau Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO. Februari 3, 1969 aliuawa hapa hapa Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Chama kiliyumba sana, viongozi wakagombana, lakini 1970 Samora Machel akashika usukani na vita havikusimama.

Kamanda_Mstaafu: Kwangu mimi, kilichogeuza mambo ni 1970 yenyewe. Jenerali wa Kireno Kaúlza de Arriaga alimwaga askari na ndege Cabo Delgado ili amalize kazi. Kambi aliziteka, ila wapiganaji wakahamishia nguvu jimbo la Tete, na 1972 walishavuka mto Zambezi kuelekea Manica na Sofala, katikati ya nchi. Waulize vijana wako: maofisa waliopindua Lisbon walichoshwa na nini, kama si vita hivi na vya Angola na Guinea-Bissau, makoloni mengine ya Mreno? Halafu wape hili: baada ya mapinduzi, wakubwa wapya wa Ureno walitaka silaha zinyamaze kwanza, mazungumzo baadaye. Samora akakataa, wakaendelea kupigana mpaka uhuru ukakubaliwa Lusaka, Septemba 7, 1974.

Mwl_Mbagala: Kamanda, hilo la Lusaka ndilo nitakalofungulia mdahalo. Kuna mzee aliyekuwa Nachingwea, kambi ya mafunzo ya FRELIMO kusini mwa Tanzania, anayeweza kuja kuzungumza na watoto?

Mjukuu_wa_Ruvuma: Yupo mmoja Mtoni, miguu inamsumbua lakini kumbukumbu ni nzima. Niandikie pembeni tupange usafiri.