Nimerudishiwa Ridge Racer bubu! Mafundi wa kuflashi PSP, huwa mnajaribu kazi zenu kweli?

Wakuu, nina hasira, mnisamehe nikiandika vibaya. Na wale wa "si ucheze tu kwenye simu", piteni, huu uzi sio wenu.

PSP yangu, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, nilimpa fundi aiflashi, yaani aibadilishie programu ya ndani ikubali mafaili ya nje, nikampa na diski zangu za PlayStation ya kwanza azigeuze mafaili. Gemu za magari tu, sikutaka kingine. Mwezi mzima ikawa njoo kesho, njoo kesho. Siku ya siku narudishiwa na kauli moja: "Zote zinafunguka, mkuu."

Kufunguka zinafunguka kweli. Nawasha Ridge Racer, vile vidudu vya Galaxian, ile gemu ya zamani ya kufyatua, vinatokea wakati gemu inapakia, navifyatua vyote kama enzi zile, napata yale magari 8 ya ziada, nachagua langu, mbio zinaanza... kimya. Mtangazaji anapayuka, tairi zinalia, injini inaunguruma, muziki hakuna. Nikapandisha sauti hadi mwisho. Nikachomeka spika za masikioni, nikazichomoa, nikapuliza tundu. Wapi! Umewahi kukimbia ile barabara bila muziki? Unabaki chumbani na mtangazaji anayekufokea.

Kwa ambao hawakuikuta: hii gemu ya 1994 ilikuwa inaingia yote kwenye memori ya mashine. Ikishapakia, diski inabaki na kazi moja, kupiga nyimbo kama sidii yoyote ya muziki. Ndiyo maana tulikuwa tunaitoa, tunaweka sidii zetu na kukimbia na nyimbo tunazotaka (dogo mmoja alikuwa anaweka taarabu, na alikuwa hashindiki). Sasa basi, traki (kipande) ya kwanza ya diski ndiyo gemu, zinazofuata ni muziki. Fundi kabeba ya kwanza, nyingine kazitelekeza. Nimefungua kadi kwenye kompyuta nikakuta faili la megabaiti chache tu. Sidii nzima inatoa megabaiti chache na wewe hushtuki?

Nikampigia. Anajibu: "Hizo gemu za zamani ndivyo zilivyo, hazina muziki." Ananiambia mimi!

Nikameza. Nikahamia gemu ya pili, siitaji jina kwa sababu bado nina kazi nayo. Gari inakwenda kama imebeba mchanga. Nikadhani ni uzee wangu, nikaweka simu pembeni nikahesabu. Saa ya gemu inasema dakika 1, ya simu inasema sekunde 72. Nikarudia mara tatu, 72 zile zile.

Hapo ndipo nilipotaka kuitupa ukutani. Diski yangu ni ya Marekani, inatembea kwa 60 Hz, yaani picha inachorwa mara 60 kwa sekunde. Matoleo mengi ya Ulaya enzi zile yalikuwa 50 Hz, na gemu iliyotengenezwa kwa 60 ukiilazimisha kwenye 50 bila kuirekebisha, dakika inakuwa sekunde 72, pigeni hesabu wenyewe. Maana yake huyu bwana hakuigusa diski yangu! Kaokota toleo la Ulaya mtandaoni akanibandikia. Sasa diski zangu mwezi mzima alikaa nazo za nini? Na mbili zimerudi na mikwaruzo ambayo hazikwenda nayo.

Picha nayo kaivuta ijaze kioo chote cha nukta 480 kwa 272, wakati gemu hizi zilichorwa kwa TV za umbo la 4 kwa 3. Magari yote yamebonyea kama yamekaliwa. Hili nimelirekebisha mwenyewe, unabonyeza HOME unabadilisha, silihesabu.

Ninalolihesabu ni Gran Turismo 2. Ina diski mbili, ya arcade (mbio za haraka haraka) na ya simulation. Kaweka ya arcade peke yake. Leseni, gereji, kununua gari bovu na kulipandisha taratibu, yote yako kwenye ile nyingine. Nikamuuliza iko wapi. "Si zilikuwa mbili zinafanana? Moja nilijua kopi." Wakuu, zimeandikwa juu!

Na msiniambie PSP haiwezi. Emuleta ya PS1, ile programu inayoigiza PlayStation ya kwanza, imo ndani ya mashine, kaiweka Sony mwenyewe, kuflashi ni kuifungulia mlango tu. Kinachotakiwa ni fundi akae, akimbie mzunguko mmoja, asikilize. Dakika tatu. Huyu anaona nembo imetokea kwenye kioo, anazima, anadai hela.

Aliyewahi kuingiza Ridge Racer na traki zake zote zikasikika, anielekeze hapa hapa chini hatua kwa hatua, nitafanya mwenyewe. Fundi nakwenda kwake kesho. Nitamkalisha kwenye kiti chake, nimkabidhi PSP, akimbie mbio nzima na ule ukimya wake. Akimaliza tutaongea habari ya hela yangu.