Naomba ushauri: kodi ya nyumba kwa mwanafunzi mwenye familia, Mtwara

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Nasoma shahada, mwaka wa pili, hapa Mtwara mjini. Nina mke na mtoto anayenyonya. Hosteli ya chuo haipokei familia, hivyo tumepanga chumba kimoja Magomeni. Bodi ya Mikopo inanipa shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, sawa na mwenzangu asiye na mtoto. Mke anauza vitumbua asubuhi, faida inaishia kwenye chakula. Sasa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na boom (pesa ya mkopo) bado haijaingia.

Nimeshamuuliza mtendaji wa mtaa habari za TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kanijibu kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa, nisubiri. Lakini sisi ni wapangaji, kwetu Newala, majirani hapa hawatufahamu vizuri. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Je, kaya ya mpangaji mwanafunzi inaweza kuingizwa TASAF hapa mjini, au ni lazima tutambuliwe kijijini? Na kuna aliyewahi kuomba msaada wa kodi ustawi wa jamii, halmashauri, akasaidiwa? Alipeleka nyaraka gani?