Naomba ushauri: kutoka Moshi kwenda kuona sokwe, Gombe au Mahale?

Msafiri wa Majengo:
Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninaishi Moshi, na kazi ya kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro imenipa miguu, ila haijawahi kunifikisha Ziwa Tanganyika. Mwezi wa nane mimi na mke wangu tunakusudia kwenda kuona sokwe, pamoja na binti yetu wa miaka tisa. Fedha ni za kuhesabu. Je, twende Gombe au Mahale, na tupite njia ipi?

Mwenyeji wa Ujiji:
Kaka, nianze na binti: mtoto wa umri huo haruhusiwi kuwafuata sokwe katika hifadhi yoyote kati ya hizo mbili, na Mahale wanataka awe ametimiza miaka 12, kwa hiyo mtafutieni mahali pa kubaki kabla hamjakata tiketi. Kwa mfuko mlio nao, ningechagua Gombe. Iko takriban kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, na maboti ya abiria yanayoondoka Kibirizi kuelekea vijiji vya kaskazini huwashusha watu hapo. Mahale iko zaidi ya kilomita 100 kusini, ndani hakuna barabara, na boti ya kukodi peke yenu itameza bajeti yote. Zipo ndege ndogo kutoka Arusha, lakini nauli zake zimepangwa kwa ajili ya hao wageni unaowaongoza. Kwa basi mtapitia Singida, Nzega na Kahama. Ni safari ya kuchosha, laleni njiani.

Dada wa Njiro:
Naomba nitofautiane kidogo na aliyetangulia. Gombe haifiki kilomita za mraba 60, na miteremko yake ni mikali hata kwa mtu wa mlimani. Mahale ni zaidi ya kilomita za mraba 1,600, watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wake tangu 1965, na mwishoni mwa kiangazi sokwe hao hushuka karibu na ziwa, hivyo mwendo hupungua. Kama mnaweza kusubiri hadi mpate watu wa kuchangia boti, subirini.

Msafiri wa Majengo:
Asanteni sana. Jambo moja limebaki: mke wangu ana mafua yasiyokwisha. Barakoa itatosha?

Mwenyeji wa Ujiji:
Haitatosha, kaka. Sokwe huambukizwa maradhi yetu ya njia ya hewa, na mwaka 2006 ugonjwa wa aina ya mafua uliua sokwe kadhaa hukohuko Mahale. Ndiyo sababu wageni huvaa barakoa, husimama umbali usiopungua mita 10 na hukaa nao saa moja tu, na mwenye dalili anaweza kurudishwa hata kama ameshalipa. Asipopona, sogezeni safari hadi Septemba. Mvua zitakuwa bado hazijaanza.